Kisu cha kazini na cha porini: angalia wembamba kabla ya chuma

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi nafanya kazi stoo, kutwa nzima nafungua maboksi, nakata tepu na kamba. Mwisho wa wiki napenda kupanda milima na kulala kwenye hema. Nataka kisu kimoja tu kitakachonifaa kote kuwili. Nimeonyeshwa viwili. Cha kwanza ni kikubwa: bapa la sentimita 18, unene milimita 6, meno ya msumeno mgongoni, na mpini wenye uwazi ndani wa kuwekea viberiti na ndoano. Cha pili ni cha kukunja, bapa la sentimita 9, na muuzaji anasema chuma chake ni S30V, eti nitakaa miaka bila kukinoa. Kipi kinanifaa? Na je, aina ya chuma ndiyo ya kuangalia kwanza?

Jibu: Ndugu yangu, kile kikubwa kiache dukani. Cha kukunja kinaweza kukufaa, ila si kwa sababu aliyokupa muuzaji. Swali lako la mwisho nalijibu mwanzo, maana ndilo linalowamalizia watu hela bure: chuma si cha kuangalia kwanza. Cha kwanza ni umbo la bapa, hasa unene wake pale nyuma kidogo ya makali.

Makali yakishaingia kwenye kadibodi au kwenye mti, nyuma yake unafuata mwili wa bapa, nao lazima ujitengenezee nafasi ya kupita. Bapa nene linafanya kazi ya kabari. Linasukuma kitu pande zote mbili, linabanwa, na wewe unaongeza nguvu. Nguvu ikizidi ndipo mkono unapoponyoka. Ukitaka kuona kwa macho, chukua kadibodi ya tabaka mbili na visu viwili vilivyonolewa sawasawa, kimoja cha milimita 2 na kingine cha milimita 5. Kata mstari mrefu kwa kila kimoja. Chembamba kitateleza hadi mwisho. Kinene kitaanza vizuri, kisha katikati kitakwama, na kingo za kadibodi zitajikunja badala ya kukatika. Vyote vikali, chuma hata kiwe kimoja, lakini kazi ni mbingu na ardhi.

Kwa hiyo ukishika kisu dukani, usiishie kutazama mgongo. Kielekeze ncha machoni pako kwa uangalifu, utazame jinsi bapa linavyopungua kutoka mgongoni kwenda chini. Bapa linaloanza kupungua juu kabisa na kushuka taratibu hadi kwenye makali litakata vizuri hata kama mgongo una milimita 3. Bapa linalobaki nene hadi karibu na chini kisha likakatwa ghafla kutengeneza makali litakusumbua maisha yake yote, uwe umelipia chuma gani. Kwenye kisu cha mfukoni kinachokata vizuri, unene wa nyuma tu ya makali huwa nusu milimita hivi. Ukiona umekaribia milimita nzima, hicho kimetengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha.

Sasa kile cha sentimita 18. Milimita 6 ni unene wa nondo ya kubomolea, si wa kitu cha kukatia. Hata panga, linalofyeka kutwa, kwa kawaida unene wake ni milimita 2 hadi 3. Nguvu yake inatokana na urefu na mwendo wa mkono. Yale meno ya mgongoni hayakati mti vizuri. Meno ya msumeno wa kweli hupindwa moja kulia moja kushoto ili njia iwe pana kuliko bapa, wakati ya kisu yamechongwa tu kwenye chuma kinene, kwa hiyo yanakwama baada ya kuingia kidogo. Tena yanakunyima mgongo. Ukitaka kuusukuma kwa kidole gumba hapawekeki, na ukitaka kuugonga kwa gogo ili upasue kijiti, meno yanalitafuna gogo. Na ule mpini wenye uwazi ndio ubovu mkubwa kuliko yote. Chuma cha bapa hakiingii ndani ya mpini, kinaishia mwanzoni kabisa, kimeungwa hapo kwa skrubu au kwa kubanwa. Hapo ndipo nguvu yote ya mkono inapopita, na hapo ndipo visu vya aina hiyo vinapokatikia. Viberiti weka kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kuhusu kisu kimoja cha kote kuwili, ushauri wangu ni viwili, na vyote vidogo. Sio ufahari. Kisu cha kukunja kina ekseli, yaani pini ambayo bapa linazungukia, na kwenye ekseli ndimo mnamoingia mchanga, tope na utomvu. Kina loki, na loki ni kipande chembamba cha chuma kinachosimama kati ya makali na vidole vyako. Kwa kazi za mfukoni hilo halina neno. Lakini porini, siku utakapotaka kupasua kuni iliyolowa ili uupate ukavu wa ndani, hutakuwa na raha kugonga mgongo wa kisu chenye ekseli. Kisu kisichokunjwa, hata cha bei nafuu, kinakishinda cha kukunja cha bei kubwa kwa kazi hiyo. Kwa upande mwingine, kisu kisichokunjwa kikining'inia kiunoni stoo kitakuletea maswali na msimamizi wako kabla ya saa nne asubuhi.

Na kwa hapo stoo niseme jambo ambalo wauza visu hawalipendi. Kadibodi inakula makali vibaya sana, kwa sababu ndani yake mna vumbi la madini na mabaki ya karatasi zilizorejelewa. Gundi ya tepu nayo inaganda kwenye bapa. Kama unafungua maboksi mengi kila siku, tumia kile kisu cha wembe wa kubadilisha, unaoingia na kutoka kwenye mpini. Wembe ukichoka unautupa. Kisu chako cha mfukoni kibaki kwa kamba, mikanda ya plastiki, na zile kazi ndogondogo zisizotabirika. Utanishukuru ukifika wakati wa kunoa.

Cha kukunja, chagua bapa la sentimita 7 hadi 9. Ukipita hapo kinajaa mfukoni bila faida ya maana. Uzito ukibaki chini ya gramu 100 utakibeba. Ukizidi sana utaanza kukisahau nyumbani, na kisu kilichobaki nyumbani hakikati kitu. Opinel nambari 8 ya Ufaransa ni mfano mzuri wa jinsi kitu chepesi kinavyoweza kufanya kazi: bapa la sentimita 8.5, mpini wa mti, na pete ya chuma unayoizungusha kufunga bapa lisijikunje. Pete hiyo imekuwapo tangu 1955. Bapa lake ni jembamba kiasi kwamba mtu aliyezoea visu vinene anaweza kulidharau, mpaka alikatie kitu. Upungufu wake ni kwamba kufungua kunahitaji mikono miwili, na mpini wa mti ukilowa unavimba na kulibana bapa. Nao Victorinox wa Uswisi, kampuni ya Karl Elsener aliyeanza kuliuzia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891, bado wanatengeneza visu visivyo na loki kabisa, chemchemi peke yake ndiyo inayolishikilia bapa. Kwa kazi nyepesi vinatosha, na bisibisi na mkasi uliomo ndani pengine utavitumia zaidi ya kisu chenyewe.

Kama chako kina loki, kikague kabla ya kutoa hela. Kifungue kikamilifu, ulishike bapa kwa mgongo na ulitikise juu na chini, kisha kulia na kushoto. Kucheza kidogo sana upande kwa upande kunaweza kurekebishwa kwa skrubu ya ekseli. Kucheza juu na chini, achana nacho. Kisha tazama loki yenyewe. Zilizo nyingi ni ulimi wa chuma ulio ndani ya mpini, unaochomoka na kusimama nyuma ya bapa. Ulimi huo usiwe umegusa ukingo tu wa bapa, wala usiwe umevuka hadi upande wa pili. Uliogusa ukingo unaweza kuteleza. Uliovuka mbali umeshalika au ulitengenezwa vibaya. Mwisho, ukiwa umeshika mpini bila kuweka kidole kwenye njia ya makali, bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza ya mbao, polepole na kwa nguvu ya wastani. Kikijikunja, mrudishie muuzaji na umwambie kwa nini, maana mnunuzi wa pili anaweza asijaribu.

Kisu cha porini hakihitaji maneno mengi. Bapa la sentimita 9 hadi 11, unene milimita 2.5 hadi 4, ncha isiyo nyembamba mno, na mpini unaojaza kiganja. Visu vya Morakniv vya Uswidi ndivyo ninavyowapa watu wanaoanza: bapa la sentimita 10 hivi, unene milimita 2.5, mpini wa plastiki na raba, ala ya plastiki yenye tundu la kutoa maji. Makali yake yamechongwa kwa mteremko mmoja mpana, na hilo lina faida mbili. Linachonga mti vizuri mno, na wakati wa kunoa unaulaza mteremko wote juu ya jiwe, kwa hiyo hata asiyejua pembe haipotezi.

Watu watakuambia kisu cha porini lazima chuma chake kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, kwa upana wote. Ni kweli kwamba ndicho kigumu zaidi kuvunja. Lakini kama kazi yako ni kuchonga, kukata kamba na kupasua vijiti vya unene wa mkono wa mtoto, chuma kinachoingia angalau nusu au robo tatu ya mpini kinatosha. Anayetaka kupasua magogo abebe shoka.

Mpini ushike kwa nguvu kwa dakika nzima, ukiugeuza: makali chini, makali juu, kidole gumba mgongoni. Popote panapochoma kiganja sasa hivi patakuwa na lengelenge baada ya nusu saa ya kuchonga. Mipini yenye mabonde ya vidole inapendeza machoni, ila inakulazimisha kushika kwa namna moja tu, tena kwa vidole vya mtu mwingine. Rangi nayo isikudanganye. Mpini wa rangi ya majani unapotea kwenye majani. Chagua rangi ya machungwa au nyekundu, hata kama wenzako watacheka.

Sasa chuma. Hakina uchawi, kila aina inakupa kitu na kukunyima kingine. Unapima mambo matatu: ugumu wa kushika makali, ustahimilivu wa kutovunjika, na uwezo wa kukataa kutu. Chuma kinaitwa kisichoshika kutu kikiwa na kromu isiyopungua asilimia 10.5, lakini jina hilo limetiwa chumvi. Kikiachwa kwenye unyevunyevu wa chumvi nacho kitapata madoa. Chuma cha kaboni kama 1095, chenye kaboni asilimia 0.95 hivi na karibu hakina kromu, kinapata makali mazuri haraka na hakivunjiki ovyo, lakini usiku mmoja kikiwa kimelowa kinatosha kukitia kutu. Vyuma kama 12C27 na 14C28N vya Uswidi viko katikati: vinakataa kutu, vinanoleka kwa jiwe la kawaida, na vinashika makali vya kutosha. Kwa mtu wa kazi zako, hapo ndipo ningesimama.

S30V ni chuma kizuri kweli. Kina kromu asilimia 14 na vanadi asilimia 4, na hiyo vanadi ikiungana na kaboni inazaa chembe ngumu sana zinazokawiza makali kulika. Muuzaji hakukudanganya kwamba kitakaa muda mrefu zaidi. Alichokuficha ni siku ya kunoa. Chembe hizo ni ngumu kuliko mawe mengi ya kawaida, kwa hiyo utahitaji jiwe la almasi au subira ya ajabu. Na ukikata kadibodi kila siku, hiyo miaka yake itakuwa wiki. Kisu hicho kinunue kama bapa lake ni jembamba, loki imepita ukaguzi, na uko tayari kununua na jiwe la almasi. Kama bapa ni nene, acha. S30V nene inashindwa na kisu cha bei ndogo chenye umbo zuri.

Angalia pia chuma cha D2, maana kimejaa kwenye visu vya bei nafuu. Kaboni yake ni asilimia 1.5 na kromu asilimia 12 hivi, kwa hiyo ukisoma namba utadhani haishiki kutu. Inashika. Sehemu kubwa ya kromu imefungwa ndani ya chembe ngumu na haibaki huru kulinda uso wa chuma. Ipake mafuta kidogo.

Tena, namba ya chuma bila kujua kilivyochomwa na kupozwa ni nusu ya habari. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vya Uswisi viko 56 hivi, vingi vya porini kati ya 57 na 60. Cha 56 kinajikunja makali kabla ya kumeguka, na unakirudisha kwa dakika mbili. Kinachopita 61 kinakaa muda mrefu, ila ukikitumia kufungulia kopo au kubandua kitu, kipande cha makali kinamegeka, na hapo ni kazi ya saa nzima kwenye jiwe. Ndiyo maana usitumie ncha ya kisu chochote kama mtaimbo.

Kunoa ndiko wengi wanakokwama, na si kwa kukosa nguvu. Wanasugua makali bila kujua jiwe linagusa wapi. Chukua kalamu ya wino mzito, paka wino kwenye mteremko wa makali pande zote mbili, kisha pitisha kisu kwenye jiwe mara tatu nne tu na utazame. Wino ukiondoka karibu na mgongo na kubaki kwenye ncha ya makali, umelaza kisu mno. Ukiondoka kwenye ncha ya makali tu, umekiinua mno. Ukiondoka wote, hiyo ndiyo pembe yako, ikariri kwa kiganja. Kwa visu vingi ni nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kuikadiria, simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha nusu tena. Umefika 22, shusha kidogo tu.

Anza na jiwe la chembe 400 (namba ndogo, chembe kubwa) kama kisu ni butu kabisa, au 1000 kama kimepungua tu. Noa upande mmoja mpaka upande wa pili utokeze ukingo mdogo wa chuma, urefu wote kutoka mwanzo wa bapa hadi kwenye ncha. Hauonekani kirahisi. Uutafute kwa kidole gumba, ukikitoa kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Utahisi kama kinakwaruzwa kidogo. Huo ukingo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali yenyewe. Usipoutokeza, hujanoa, umepaka kisu mikwaruzo. Geuza, fanya vilevile, kisha punguza nguvu hatua kwa hatua, upande huu mara moja na ule mara moja, mpaka ukingo uishe. Malizia kwa kuvuta makali kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kukagua, simama chini ya taa na utazame makali kwa juu kabisa. Makali mazuri hayaonekani. Palipo butu panang'aa kama uzi mweupe, na ndipo pa kurudia.

Mashine ya kunolea inayorusha cheche usiipe kisu chako. Ukingo wa makali ni mwembamba, unapata moto kabla hujahisi chochote mkononi, na chuma kikishapita joto kilichokomazwa nalo kinalainika. Ukiona rangi ya bluu kwenye makali, hapo joto limefika nyuzi 300 hivi na ugumu wa sehemu hiyo umeondoka. Kwa sababu hiyohiyo usichokoe moto wa kambi kwa kisu.

Usalama nitaugusia kwa mambo mawili tu. Unapochonga ukiwa umekaa, usifanye kazi kati ya magoti na kinena. Ndani ya paja mna mshipa mkubwa wa damu, na kisu kikiponyoka hapo huna dakika nyingi. Kata kwa nje ya goti, au egemeza viwiko magotini na kisu kiwe mbele yake. Na kisu cha kaboni usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, maana ngozi inatunza unyevu na kukipa kutu mahali usipoona.

Kisha kuna sheria, na sheria ni msumeno. Kabla hujakitia mfukoni, soma ya nchi uliyomo na ya nchi unayokwenda. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, nacho kiwe hakina loki. Kisu cha sentimita 9 chenye loki, cha aina niliyokushauri hapa, kule unahitaji sababu ya kuridhisha ya kuwa nacho. Ujerumani nayo inazuia kubeba bila sababu halali visu vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga, pamoja na visivyokunjwa vyenye bapa linalozidi sentimita 12. Kazi ya stoo na safari ya mlimani ni sababu zinazoeleweka ukiwa kazini au njiani, lakini si ukiwa baa saa sita usiku. Ukisafiri kwenda mlimani, kisu cha porini kiweke ndani kabisa ya begi kikiwa kwenye ala yake. Na ukipanda ndege, vyote viwili viende kwenye mzigo wa kukabidhi. Kile kidogo cha mfukoni ndicho watu wanachokisahau na kukiacha kwenye meza ya ukaguzi.